Jicho lililozoea kukosa

Kipimo cha makohozi huanza na moto. Mtaalamu wa maabara hupaka makohozi kwenye kioo chembamba, akakiacha kikauke, kisha akakipitisha juu ya mwali ili kilichopakwa kishike. Humwagia rangi nyekundu iitwayo kabol fuksini na kukipasha kwa chini mpaka mvuke uanze kupanda, akiwa mwangalifu rangi isichemke. Baada ya dakika chache huosha kwa maji na kumwagia tindikali iliyochanganywa na spiriti. Tindikali hiyo hung'oa wekundu kwenye kila kitu isipokuwa kwenye bakteria wa kifua kikuu, kwa sababu ganda lao lina nta inayong'ang'ania rangi. Mwisho hupakwa rangi ya buluu, inayoshika vyote vilivyobaki. Kioo kikiwekwa chini ya hadubini na tone la mafuta juu yake, bakteria huonekana kama vijiti vyembamba vyekundu katika uwanda wa buluu.

Njia hiyo inabeba majina ya Wajerumani wawili, Ziehl na Neelsen, lakini mzizi wake ni kazi ya Robert Koch, aliyetangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba amemwona mdudu anayesababisha kifua kikuu. Ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. Koch mwenyewe alitumia buluu juu ya kahawia. Madaktari wengi kabla yake walikuwa wamekwisha kuyapasua mapafu ya marehemu na kuyachungulia kwa hadubini. Mdudu alikuwa mbele ya macho yao. Hawakumwona kwa sababu hakutofautiana na kilichomzunguka, na akili haikuwa na pa kuanzia.

Karibu miaka 100 baadaye, mwanasaikolojia Anne Treisman, mzaliwa wa Wakefield nchini Uingereza, alieleza kwa nini hila ile ya rangi inafanya kazi. Mwaka 1980, pamoja na Garry Gelade, alichapisha nadharia iliyobadilisha somo zima la uangalifu. Mtu akiambiwa atafute kitu kimoja chekundu katikati ya vitu vya buluu, hukiona papo hapo, viwe vitano au hamsini. Chenyewe kinajitokeza. Lakini akitakiwa kutafuta kitu chekundu kilicholala katikati ya vyekundu vilivyosimama na vya buluu vilivyolala, mambo hubadilika. Sasa hakuna sifa moja inayokitenga, na kila kinachoongezwa kwenye picha kinamchelewesha. Inabidi akili iunganishe rangi na mkao wa kila kitu, kimoja baada ya kingine.

Jeremy Wolfe, mtafiti wa hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston, hakuridhika na mgawanyo huo wa ama papo hapo au kimoja kimoja. Mwaka 1989 yeye na wenzake walitoa maelezo yao ya utafutaji unaoongozwa, ambayo ameendelea kuyarekebisha hadi toleo la sita mwaka 2021. Hoja yake ni kwamba akili haitembei gizani. Inayo dondoo za awali kuhusu rangi, ukubwa, mkao na mwendo wa vitu, na kwa dondoo hizo inapanga foleni: hiki kitazamwe kwanza, kile baadaye, na vile vingine visitazamwe kabisa.

Foleni hiyo ni ya lazima kwa sababu ya maumbile ya jicho lenyewe. Sehemu inayoona kwa ukali kamili ni ndogo mno. Mkono ukinyooshwa mbele, haizidi sana upana wa ukucha wa kidole gumba. Vilivyo nje ya hapo huonekana kwa ukungu. Ili kuufidia udogo huo, macho huruka kutoka nukta moja hadi nyingine takriban mara tatu kila sekunde, mchana kutwa, bila mwenyewe kujua. Lazima pawe na kitu kinachoamua wapi yaruke.

Mrusi Alfred Yarbus alilionyesha hilo katika miaka ya 1960 kwa kufuatilia mienendo ya macho ya watu waliokuwa wakiutazama mchoro mmoja wa Ilya Repin, unaomwonyesha mtu akiingia nyumbani kwake bila kutarajiwa. Walipoulizwa umri wa watu waliomo, macho yalikwenda kwenye nyuso. Walipoulizwa hali ya kiuchumi ya familia ile, yalihamia kwenye nguo na samani. Mchoro ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni swali.

Abiria wa Dar es Salaam hufanya kazi hiyohiyo kila jioni kituoni. Daladala zimepakwa mistari ya rangi inayoeleza njia zake, na abiria mzoefu hasomi kibao cha kila gari linaloingia. Rangi humchujia kwanza. Yasiyohusika yanapita kama hayapo, na macho yake yanasoma kibao cha gari lenye mstari anaoutaka tu. Wala haangalii juu ya paa za maduka, kwa sababu anajua daladala hazikai huko. Ujuzi wa mahali nao ni kiongozi mkubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, wakiongozwa na Miguel Eckstein, walionyesha mwaka 2017 kwamba mtu anayetafuta mswaki katika picha ya bafu anaweza kuupita mswaki mkubwa kupita kiasi, kwa sababu akili yake inatafuta mswaki wa ukubwa unaolingana na bafu. Kompyuta zilizowekwa kwenye jaribio lilelile hazikukosea hivyo.

Huu ni uwezo wa ajabu, na bila huo hakuna mtu angevuka barabara wala kumpata mtoto wake sokoni. Lakini una gharama, na gharama hiyo ndiyo inayostahili kujadiliwa hadharani, kwa sababu mara nyingi wanaoilipa ni watu wengine kabisa.

Mwaka 2013 Trafton Drew, Melissa Võ na Wolfe waliwapa madaktari 24 bingwa wa picha za mionzi kazi wanayoifanya kila siku: kutafuta vinundu vya saratani katika picha za mapafu. Katika picha za mgonjwa wa mwisho, watafiti walipachika umbo la gorila, kubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Madaktari 20 kati ya 24 hawakuliona. Kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kwamba wengi wa waliolikosa walikuwa wamepatazama mahali penyewe lilipokuwa. Macho yalifika. Akili ilikuwa imetumwa kutafuta vidoa vidogo vyeupe, na gorila halikuwamo kwenye maagizo.

Hata hivyo, gorila ni mtego wa watafiti, na hakuna mgonjwa anayekufa kwa gorila. Hatari iliyo kubwa zaidi haina kichekesho hata kidogo, nayo ni uadimu.

Mwaka 2005 Wolfe na wenzake wawili, Todd Horowitz na Naomi Kenner, walichapisha katika jarida la Nature jaribio lililofanana na kazi ya ukaguzi wa mizigo uwanja wa ndege. Watu walitafuta kitu fulani katika picha zilizojaa vitu. Kitu hicho kilipokuwepo katika nusu ya picha zote, walikikosa kwa asilimia 7 tu. Kilipowekwa katika picha moja kati ya 100, walikikosa kwa asilimia 30. Watu ni walewale, vitu ni vilevile, na ugumu haukubadilika. Uadimu peke yake ulizidisha makosa zaidi ya mara nne.

Kinachotokea kichwani ni mambo mawili. Kwanza, kila mtafutaji ana kipimo cha ndani kinachomwambia sasa inatosha, hakipo, nenda mbele. Baada ya picha nyingi tupu, kipimo hicho hushuka na mtu huacha mapema. Pili, hata akikutana na kitu chenye kutia shaka, mazoea humwambia hakuna kitu hapo, maana mamia yaliyotangulia hayakuwa kitu. Ndege nao wamo katika kanuni hii. Mdachi Luuk Tinbergen, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kifo chake, aligundua kwamba ndege wa misitu ya misonobari walikula viwavi wa aina fulani wachache kuliko ilivyotarajiwa viwavi hao walipokuwa adimu, na wakawala kwa wingi mara walipoongezeka. Alisema ndege hujijengea taswira ya kutafutia, na taswira hiyo haijengeki bila kukutana na windo mara kwa mara.

Wasomaji wa picha za saratani ya matiti walipojaribiwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalifuata mkondo uleule: saratani zilezile zilikosekana kwa asilimia 12 zilipokuwa nyingi kwenye kundi la picha, na kwa asilimia 30 zilipochanganywa na kazi ya kawaida ya kituo, ambamo ugonjwa ni nadra. Wataalamu wanaosoma seli za mlango wa kizazi kwa hadubini walikuwa wamekwisha kuonyesha udhaifu huohuo miaka miwili kabla. Hawa si wanafunzi waliolipwa kukaa mbele ya kompyuta. Ni watu waliosomea kazi na kuifanya kwa miaka.

Sasa turudi kwenye meza za maabara za Afrika Mashariki. Slaidi ya damu ya malaria, iliyopakwa rangi ya Giemsa, inatakiwa ichunguzwe maeneo 100 ya hadubini kabla ya msomaji kuthubutu kuandika kwamba hakuna vimelea. Ya makohozi vilevile: maeneo 100, kwa jicho moja au yote mawili, mkono ukizungusha skrubu ya kusogeza kioo taratibu. Miongozo ya kitaalamu inasema mtu mmoja asisome slaidi za makohozi zaidi ya 20 hadi 25 kwa siku. Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kusubiri majibu katika hospitali ya wilaya siku ya Jumatatu ataelewa ilivyo vigumu kulishika sharti hilo.

Na kuna jambo ambalo halisemwi kwenye semina. Mafanikio yenyewe yanaifanya kazi hii iwe ngumu zaidi. Zanzibar, kwa vyandarua, unyunyiziaji na dawa mseto, ilishusha maambukizi ya malaria hadi chini ya asilimia 1 na kuyabakiza huko kwa miaka mingi. Ni ushindi wa kujivunia. Lakini kwa mtu aliyeketi mbele ya hadubini, ushindi huo unamaanisha slaidi tupu, na nyingine tupu, na nyingine, mpaka jicho linazoea kukosa. Vipimo vya haraka vimepunguza mzigo, na kwa kifua kikuu mashine za kupima vinasaba, zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hazichoki wala hazina mazoea. Hadubini bado ipo, hasa pale umeme unapokatika na vifaa vinapoisha, na pale daktari anapotaka kujua idadi ya vimelea katika damu ya mtoto mwenye malaria kali.

Mgonjwa akiambiwa hana ugonjwa wakati anao, hukumu huja haraka. Mtaalamu ni mzembe. Hana wito. Barua huandikwa, na kwenye mitandao jina la kituo huchafuliwa kabla ya jioni. Uzembe upo, tena mwingi, na asiyepaka rangi ipasavyo au anayeandika majibu bila kutazama slaidi anastahili adhabu. Lakini kosa la uadimu si uzembe, na kuliadhibu kama uzembe hakuliondoi. Wolfe na wenzake walijaribu hata kuwalazimisha watafutaji kwenda polepole, lakini makosa hayakwisha. Mtu anaweza kuapa kwamba leo atakuwa makini, akawa makini kweli, na bado akakosa, kwa sababu kiwango cha kuacha hakiwekwi na nia yake. Kinawekwa na alichokutana nacho saa zilizopita.

Dawa ipo na imekwisha kujaribiwa. Ni kumpa mtafutaji vitu vya kupata. Katika viwanja vya ndege, mashine za kukagulia mizigo hupachika mara kwa mara picha ya bunduki au bomu lisilokuwepo ndani ya picha ya begi la abiria. Mkaguzi akibonyeza kitufe, huambiwa palepale kwamba lilikuwa jaribio, na kwamba ameona vema. Maabara za utafiti nazo zimeonyesha kwamba kipindi kifupi cha vitu vingi vya kupata, pamoja na kumwambia mtu papo hapo kama amepatia au amekosa, humfanya aendelee kuona vizuri hata anaporudi kwenye uadimu.

Mfano ulio bora zaidi uko Morogoro. Shirika la APOPO, lenye makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kunusa makohozi yaliyokwisha kupimwa vituoni kwa hadubini, na panya hao wamewaibua wagonjwa wengi walioambiwa hawana kifua kikuu. Watu hushangazwa na pua ya panya, na wana haki ya kushangaa. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika kama 20. Kinachostahili kushangaza zaidi ni jinsi wanavyosimamiwa. Katikati ya sampuli zisizojulikana, wafundishaji huchanganya zinazojulikana kuwa na ugonjwa. Panya akizitambua, hupewa tuzo ya chakula. Hivyo hana siku ya kunusa mamia ya sampuli bila kupata kitu, na wafundishaji wanajua kila siku kama bado anafanya kazi sawasawa.

Panya wa Morogoro anafanyiwa hivyo. Mtaalamu wa maabara aliye kilomita chache kutoka hapo, mwenye stashahada na familia, mara nyingi hafanyiwi.

Barabarani hali ni ileile. Dereva aliyemgonga mwenye bodaboda kwenye makutano husema alitokea ghafla, na askari humwona ni mwongo. Mara nyingine ni mwongo. Lakini mwaka 2007 watafiti wa Marekani, Steven Most na Robert Astur, waliwaweka watu kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji na kuwataka wafuate mishale ya rangi moja, ya njano au ya buluu. Pikipiki ikakatiza njia yao ghafla. Waliokuwa wakitafuta njano waligonga pikipiki ya buluu zaidi sana kuliko ya njano, na kinyume chake. Rangi iliyokuwa kichwani ndiyo iliyoamua nani aonekane. Dereva wa mjini anatafuta magari, kwa hiyo anaona magari.

Kwa upande huu pia, suluhisho ni kumwezesha anayetafutwa ajitokeze. Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004, uliwalinganisha waendesha pikipiki waliojeruhiwa na wengine. Waliovaa riflekta au nguo za rangi kali walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 37. Helmeti nyeupe ilipunguza hatari kwa asilimia 24 ikilinganishwa na nyeusi, na taa ya mbele iliyowashwa mchana ilipunguza kwa asilimia 27. Riflekta iliyofifia kwa jua na vumbi, inayovaliwa ili trafiki asikamate, haifanyi kazi hiyo. Vyama vya bodaboda vinavyokusanya michango kila siku vingeweza kununua mpya kila mwaka, na kila mwanachama akawasha taa mchana, bila kusubiri operesheni ya polisi.

Kwa maabara, hakuna haja ya kusubiri wafadhili. Slaidi zilizosomwa hutunzwa kwenye masanduku ili zirudiwe na wakaguzi wa ubora, na miongoni mwake zimo zenye vimelea na zenye bakteria. Msimamizi anaweza kuchukua chache zenye jibu linalojulikana, akazibadilishia namba na kuzichanganya kila siku na slaidi za wagonjwa bila msomaji kujua zipi ni zipi, kisha akampa matokeo kabla hajatoka kazini, si baada ya robo mwaka. Namba zake ziandikwe kwenye daftari la pembeni ili jibu la jaribio lisije likampata mgonjwa. Wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda zinaweza kuliandika hili kwenye miongozo yao mwaka huu. Na kabla msimamizi hajaandika barua ya onyo kwa sababu ya mgonjwa mmoja aliyekoswa, afungue kwanza daftari la maabara na kuhesabu: siku ile mtu huyu alisoma slaidi ngapi, na mara ya mwisho kukuta yenye ugonjwa ilikuwa lini?